Malkia Wawili katika Lupango Mmoja

Mwanzoni mwa Mei, mvua zilipokuwa zimeaga Lubumbashi na vumbi jekundu limeanza kurudi madirishani, mke wa Mwalimu alimpa mumewe habari mbili kwa pumzi moja: mtoto wa pili yuko njiani, na chumvi imeisha. Mwalimu alisikia ile ya kwanza tu. Usiku huo bukari ililiwa na sombe isiyo na chumvi, huku baba mtarajiwa akichora ramani kwenye karatasi ya miraba aliyoichomoa katikati ya daftari la mwanafunzi.

Mwandishi anamfahamu Mwalimu huyu kwa karibu mno, karibu kuliko anavyopenda kukiri, ndiyo maana hatamtaja jina. Itoshe kusema kwamba anafundisha hesabu katika shule ya sekondari, anaishi kwenye komini ya Annexe, ile inayolizunguka jiji kama mkanda, na ana lupango, yaani kiwanja, wa mita 20 kwa 25 ambao karibu sehemu yake moja ya nane imekaliwa na kiulu.

Kiulu ndicho kichuguu. Ila si kile kitutu cha kufika gotini ambacho msomaji wa pwani amezoea kukiruka njiani. Viulu vya Katanga ni kazi ya mchwa ambaye wataalamu humwita Macrotermes falciger, na watafiti waliovipima katika misitu inayozunguka Lubumbashi walipata wastani wa mita 5 hivi kwenda juu na karibu mita 15 kutoka ukingo hadi ukingo. Kiini cha kimoja kilipopimwa umri kwa njia ya kaboni, kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Maana yake, Wabelgiji walipoanzisha mji mwaka 1910 na kuuita Élisabethville, mchwa walikuwa wenyeji wa siku nyingi, na hakuna aliyewadai hati ya kiwanja.

Cha kwa Mwalimu kilikuwa kimekwisha kunyolewa na wafyatua matofali waliotangulia. Kilibaki na mita 3 za kimo na 9 za upana. Ramani ilisema hivi: kiulu kiondoke, udongo wake utoe matofali ya chumba cha mtoto, utakaosalia uwe bustani ya lengalenga na nyanya kwa ajili ya mama mzazi, palipokuwa na kiulu pawe uwanja wa watoto kuchezea. Yote kabla ya Novemba.

Akapiga hesabu. Umbo la pia, nusu kipenyo mita 4.5, kimo mita 3: mita za ujazo 63 na ushei. Toroli la lita 60, safari 1,060. Safari 20 kila jioni baada ya shule, siku 53. Akaandika chini ya karatasi "mwanzo wa Julai" na kupiga mistari miwili kwa rula, kama afanyavyo ubaoni akipata jibu.

Yako mambo mawili ambayo hesabu haikumwambia. Udongo ulioshikana ukivunjwa huvimba, mita moja ikazaa moja na robo au hata zaidi, kwa hiyo zile safari 1,060 zilikuwa zimeshavuka 1,300 kabla jembe halijagusa chini. Na kiulu kina wenyewe.

Siku ya kwanza jembe liligonga, likalia kama kengele, likarudi lilikotoka na kupita sentimita chache kando ya sikio lake. Akajaribu sururu. Sururu ikatoa kipande cha ukubwa wa ndimu. Juu ya ukuta wa jirani kikachomoza kichwa cha mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo wa kampuni ya madini ya Gécamines, akatoka pamoja na wafanyakazi wengine zaidi ya 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003. Tangu hapo anatengeneza kila kitu cha kila mtu, na kutoa ushauri bila kuombwa.

"Prof," alisema, "ile haiko bulongo. Iko betoni."

Dawa, kwa mujibu wa mzee, ilikuwa maji: bidoni kumi za lita 20 zimwagwe jioni, ziachwe zilale. Kulipokucha udongo ulikuwa laini kama bukari ya jana iliyopashwa moto. Mwalimu akachimba kwa furaha kama nusu saa, mpaka akatoboa vyumba na vichochoro, na humo wakatoka askari. Askari wa mchwa hawa wana kichwa chekundu na meno kama koleo; akikuuma, ukamkata kiwiliwili, kichwa hubaki kimeng'ang'ania ngozi. Mwalimu alikwenda kufundisha milinganyo siku hiyo akiwa amevaa ndala, vidole vitatu vimefungwa kitambaa. Aliporudi jioni shimo lake lilikuwa limezibwa. Si kuzibwa ovyo: limepigwa lipu, unyevu haujakauka, kazi safi ambayo fundi yeyote wa Katuba angeidai malipo ya awali.

Ikawa hivyo kwa wiki mbili. Yeye anabomoa, wao wanajenga.

Umeme ulikuwa umekatika usiku mmoja, na Mwalimu akamsomea binti yake wa miaka sita, kwa taa ya simu, makala juu ya mchwa. Nia yake ilikuwa kumjua adui. Alisoma kwamba ndani kabisa ya kichuguu kuna chumba cha malkia. Kwamba malkia huvimba tumbo hata asiweze kujigeuza, akataga maelfu ya mayai kwa siku. Na kwamba mfalme, tofauti na dume la nyuki ambalo hufa likishampanda malkia, hukaa humo chumbani pamoja na mkewe maisha yake yote.

Sauti ilitoka jikoni gizani. "Hachimbi?"

"Nani?"

"Mfalme."

Mwalimu akarudia mstari kwa macho. "Alichimba mara moja. Siku ya harusi. Wakiisha kuruka na kudondosha mabawa, wanachimba chumba cha kwanza wawili."

"Pamoja?"

"Pamoja."

Kimya kikapita. Sufuria ikawekwa chini taratibu mno. "Papa," ikasema ile sauti, "miguu yangu imevimba." Usiku huo Mwalimu alikanda miguu ya mkewe kwa mafuta ya mawese, na kwa siku nne nzima hakushika sururu. Siku ya tano aliishika.

Mwishowe waliofanya kazi ni vijana wawili wafyatuaji, ambao hawakuhesabu chochote. Walichimba ubavu mmoja tu wa kiulu, wakaacha kiini na wenyewe, wakakanyaga udongo kwa miguu kama wanaocheza, wakaujaza katika kibao cha mbao na kupindua, tofali baada ya tofali, mpaka lupango mzima ukawa na mistari ya mikate ya kahawia inayoanikwa. Mwalimu alijipa jukumu la ukaguzi: kila tofali la kumi alilibonyeza kwa kidole gumba pembeni likiwa bichi, ili kurahisisha kuhesabu. Alama 320, matofali 3,200.

Wiki ya pili ya Julai akagundua kwamba baadhi ya alama zimepotea. Hazikufutika, kona zenyewe hazikuwepo. Tofali moja limemeguka hapa, jingine pale, na daima ni kwenye ile safu iliyo karibu na mlango wa nyuma. Akawashuku mbuzi wa mtaa. Akawashuku watoto. Akamwuliza mzee wa jirani, ambaye alitazama kwa makini yale meguko, akamtazama Mwalimu, akasema hajui, kwa namna ambayo mtu anayejua husema.

Julai usiku Lubumbashi joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na watu wa nje hawaamini mpaka watetemeke wenyewe. Mwalimu alijifunga blanketi, akajificha nyuma ya pipa la maji, panga mkononi. Kwenye saa nane mlango wa nyuma ukafunguka. Kivuli kikainama. Kukasikika mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayetafuna biskuti ndani ya kanisa.

Aliwasha taa. Mkewe alisimama pale kwenye kikwembe chake, shavu limejaa.

"Iko na harufu ya mvua," alisema, kama ambavyo mtu angejitetea mbele ya jaji.

Wanawake wajawazito kula udongo si jambo geni hapa wala kwingine Afrika. Sokoni utakuta pemba, ule udongo mweupe, umepangwa kwa mafungu kando ya karanga, na udongo wa kiulu una wapenzi wake wanaouona bora kuliko pemba. Mwalimu hakukasirika. Kwa kweli alifarijika kidogo kwamba hata yeye hatimaye amempikia mkewe kitu akakipenda. Aliyekasirika ni mwuguzi wa CPN, kama wanavyoiita huku kliniki ya wajawazito, ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama aonane nayo mara nane badala ya nne za zamani. Damu ilikuwa pungufu. Udongo wa mfinyanzi, alieleza, hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Unameza kidonge, tofali linakila.

Kisha akaongeza jambo ambalo lazima kicheko kiliachie nafasi. Udongo wa jiji la shaba si udongo wa mahali popote. Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa mwaka 1911, na moshi wake, ukisukumwa na pepo za kusini-mashariki, ulitua miaka na miaka upande wa kaskazini-magharibi. Pale Penga Penga palibaki ardhi tupu ambapo kati ya mimea michache iliyothubutu kuota ni kile kimea chenye maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, ambacho wataalamu hukihesabu kama dalili ya shaba. Mwaka 2009 utafiti ulionyesha kobalti na metali nyingine kwa kiwango kikubwa katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health likachapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi kwenyewe, uliolinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na wasio nazo. Kilichojitokeza wazi ni kazi ya baba. Wenye baba wanaofanya kazi za madini walikuwa katika hatari zaidi.

"Kwa hiyo, Papa," mwuguzi akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa amekuja na suruali yake ya kuchimbia, "na weye unawe. Unawe kabla ya kugusa mama."

Safu ya karibu na mlango ilihamishiwa mbali, na mke wa Mwalimu akapewa karanga za kukaanga, ambazo alizila kwa sura ya mtu aliyebadilishiwa pilau kwa uji.

Bustani ilikuja baadaye na kuondoka mapema. Mzee wa jirani alishauri kile ambacho wataalamu wa kilimo nao hushauri kwa ardhi ya jiji hili: chokaa, na samadi nyingi, ili metali zishikwe zisipande kwenye mboga. Chokaa ilipatikana. Samadi, Mwalimu alinunua magunia sita ya mavi ya kuku, mabichi, ya asubuhi ile ile, akayachanganya na udongo wa kiulu na kupanda lengalenga siku hiyo hiyo. Samadi ya kuku isiyooza ina amonia ya kuunguza mizizi. Miche ikageuka njano siku ya nne. Siku ya tano nzi wa mtaa wote walikuwa wamehamia. Harufu ilikuwa na uzito. Ulikuwa unaisukuma kwa bega ili uingie nyumbani. Mke wa Mwalimu alihamia kwa mke wa mzee kwa siku tatu, na kutoka juu ya ukuta aliulizia maendeleo ya bustani akiwa ameshika pua.

Kilichoota, bila kupandwa, ni mpapai mmoja.

Agosti walichoma matofali. Tanuru lilipangwa kwa ustadi, kuni zikasokomezwa tumboni mwake, likapakwa tope, likawashwa jioni. Upepo wa Agosti ulikuwa na mawazo yake. Moshi ukaingia nyumba kumi na moja, na asubuhi iliyofuata Mwalimu alipita mlango kwa mlango akisema samahani, "Yambo, mama, ni sisi tena." Tanuru lilipobomolewa, matofali ya katikati yalikuwa yameiva na kulia ting! yakigongwa, ya nje yalikuwa mekundu usoni na mabichi moyoni. Kati ya 3,200 yalipona 2,000 hivi. Yaliyobaki mzee alishauri yajengewe banda la kuku, "sababu kuku haisomake."

Kuta zilipoanza kupanda, mzee alikuwa akija kila jioni na kiti chake. Alizaliwa kwenye kambi ya Union Minière, kampuni iliyotangulia Gécamines, na hakuwahi kumwona baba yake akijenga hata ngazi moja. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni iliona faida ya wafanyakazi kuishi na wake zao kambini badala ya kuwaleta vijana na kuwarudisha. Ikawajengea nyumba, ikatoa posho ya mume, ya mke, na ya kila mtoto, ikafungua wodi za uzazi na kupima watoto kwenye mizani. Watu wakazoea kuita kampuni baba. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu kizima juu ya hao Bana Shaba na jinsi baba yao huyo alivyokuja kuwaacha. Mzee hakuhitaji kitabu. "Sisi," alisema, akimwangalia Mwalimu akipima kona kwa uzi ulioning'inia vibaya, "tulikuwa tunazaa tu. Chumba kilikuwa kinakuja chenyewe."

Septemba alifika mama mkwe kwa basi kutoka Likasi, na kitu cha kwanza alichokataza ni maandalizi. Nguo za mtoto hazinunuliwi mtoto hajaonekana. Kitanda kidogo cha mti wa mulombwa, ambacho seremala alikuwa amekileta juma lile, alikitazama kama mtu anayetazama jeneza, akakitoa nje. Kuku mmoja wa jirani akakiona kinafaa na kutagia humo mayai tisa.

Asichokijua mama mkwe ni kwamba binti yake alikuwa amekwisha kwenda sokoni kuchagua tombola, yaani mitumba, kipande kwa kipande: vikofia, soksi za ukubwa wa kidole gumba, shuka mbili. Vyote vilifuliwa usiku, vikaanikwa ndani ya chumba kisicho na paa, vikafichwa uvunguni ndani ya beseni la bluu lenye mfuniko. Wodini kila mama huja na beseni lake. Hilo ndilo lilikuwa tayari. Nyumba hiyo ilikuwa na mabeseni mawili ya bluu. Msomaji ameshaanza kuona tatizo, na Mwalimu, mtaalamu wa hesabu, hakuliona.

Oktoba joto likaja na malata hayakuja, kwa kuwa mshahara pia haukuja. Chumba cha mtoto kilisimama na kuta nne nzuri, karibu ziko wima, na juu yake mbingu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha wiki ya kwanza ya Novemba, jioni. Ilipokatika, kiulu kikafunguka. Kutoka kwenye matundu madogo ubavuni, upande ule ule ulionyolewa, wakatoka inswa, yaani kumbikumbi, kwa maelfu, mabawa yakimeta, wafalme na malkia wapya wakiruka kutafuta harusi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Taa pekee iliyowaka ilikuwa ya jua, ambayo Mwalimu alikuwa ameitundika kwenye chumba kisicho na paa ili apige lipu usiku. Inswa wote wa Annexe wakaiendea, na nyuma yao watu wote wa Annexe, na ndoo, na sufuria, na vyandarua. Katika muda wa robo saa chumba cha mtoto kilikuwa na majirani ishirini wanaochekelea, na mama mkwe katikati akiamuru, beseni la bluu lenye maji miguuni pake likijaa.

Kwenye mlango akasimama mke wa Mwalimu, mkono kiunoni.

"Papa," alisema. "Ni sasa."

Mzee alikimbilia gari lake. Majirani walitawanyika, wakakusanyika, wakatawanyika tena. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumwaga maji, kufunika beseni na kuliweka karibu na mlango; Mwalimu alipita mbio, akakamata beseni la bluu lenye mfuniko lililokuwa karibu na mlango, akaingia garini.

Wodini saa nne usiku jenereta lilikuwa linafanya kazi na taa ya neoni inang'aa. Mkunga alipokea beseni, akafungua mfuniko ili atoe shuka. Inswa waliokuwa bado na mabawa, nao walikuwa wengi, wakainuka wote pamoja kuelekea kwenye taa. Mkunga hakupiga kelele. Alirudisha mfuniko haraka, akahesabu hasara iliyokuwa ikiruka darini, akamwita mwenzake wa zamu: "Leta sufuria na chumvi." Nyumbani, saa ile ile, mama mkwe alikuwa akitafuta inswa wake, amefunua beseni la uvunguni, na kutoa soksi moja ya ukubwa wa kidole gumba.

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, akavikwa shuka la kuazima. Mwalimu aliruhusiwa kuingia baada ya kunawa mara mbili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na hakuinuka; dakika arobaini, mkunga baadaye alisema, hakusema neno wala hakupima chochote.

Mkunga ndiye aliyekuja na kisahani. Juu yake vilikuwepo vidonge vya chuma vya asubuhi, na kando yake kitu alichokikuta kimefungwa fundo kwenye pindo la kikwembe cha mama: kipande kidogo cha kahawia, kimelambwa upande mmoja. Alikiweka mbele ya Mwalimu bila kuuliza. Mwalimu akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kona ya tofali bichi, na katikati yake, safi kabisa, mistari yote ikisomeka, ilikuwa alama ya kidole chake gumba.

Mkewe alikuwa amefumba macho. "Hicho," alisema, "hukukihesabu."